Mlango wa Nyuma wa Gari la Perez

Juzi nilipita pale yadi yetu ya zamani ya mafundi wa magari mjini Migori. Nikaona gari jeupe la kulala, lile mnaloliita kempa, limepakwa rangi likang'aa, na mlangoni mmebandika picha ya kiti cha magurudumu. Nikafurahi. Nikasema moyoni, angalau hawa vijana wamesikia. Kisha nikafungua mlango nikakuta ngazi tatu. Ngazi tatu, na juu yake mlango mwembamba ambao hata mimi mwenye miguu yangu niliupita kwa ubavu. Mmoja wenu, sitamtaja kwa sababu mama yake ni rafiki yangu, akaniambia, "Mathe, usijali, mwenye kiti wasee watambeba." Nilirudi nyumbani bila kuaga. Ndiyo maana ninaandika.

Kwa wale msionijua, mimi ni fundi wa viti vya magari. Nilistaafu macho yalipoanza kukataa uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Yadini waliniita Nyar Rangwe, yaani binti wa Rangwe, maana ndiko nilikozaliwa. Nimeshona viti vya matatu, vya magari ya shule, vya magari ya mazishi, na vitanda vya magari ya watalii. Miaka mingi nilifanya kazi bega kwa bega na Chacha, mchomeleaji Mkuria, mtu wa maneno machache na yote makali. Yeye alikata chuma, mimi nikavisha. Tukigombana, na tuligombana kila siku, wateja walidhani ni mume na mke.

Hiyo picha yenu ya mlangoni ilinikumbusha bwana mmoja mwenye kampuni ya kutembeza wageni. Alikuja akiwa na stika hiyo mfukoni. Hakuwa na kipimo, hakuwa na mchoro, hakujua hata kama mgeni wake angelala upande wa kulia au wa kushoto. Alikuwa na stika. Tulipomuuliza kiti kitapandaje, akasema mbao mbili zitatosha, na ziwekwe chini ya kitanda ili zisiharibu sura ya gari. Chacha akamuuliza, "Sasa huyo mgeni akitaka kushuka asubuhi, na amelalia hizo mbao?" Bwana akajibu kwamba dereva atamwinua kwanza.

Chacha alichukua kofia yake akaenda kunywa uji. Nami nilimwambia yule bwana kwamba hapa tunatengeneza gari la mtu, gari la mizigo liko yadi ya pili. Alikasirika, akaenda, na nikasikia kwamba alipata fundi mwingine wa kumtengenezea hivyohivyo. Gari hilo nililiona baadaye limeegeshwa Homa Bay karibu na ziwa, stika imenyooka vizuri. Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Sasa niwaambie kuhusu Perez, maana yeye ndiye aliyetufundisha.

Perez ana duka kule Masara, kwenye machimbo ya dhahabu. Anauza sururu, kamba, buti za mpira na tochi za kuvaa kichwani. Anatumia kiti cha magurudumu. Hadithi ya miguu yake sitawasimulia kwa sababu si yangu, na yeye mwenyewe akiulizwa na mteja hujibu, "Umekuja kununua sururu ama umekuja kunihoji?" Nilimfahamu kupitia kanisa. Sisi ni watu wa Sabato, na tuliimba kwaya moja ya akina mama. Mimi sauti ya kwanza, kwa uvumilivu wa Mungu na wa wenzangu. Yeye sauti ya pili, na bila yeye sauti ya pili yetu ilikuwa inatangatanga kama kuku asiye na banda.

Kila mwaka tunakuwa na makambi. Waumini wanaacha mashamba na biashara, wanahamia kwenye uwanja wa shule wiki nzima, wanasali, wanaimba, wanapika pamoja na kulala madarasani juu ya magodoro. Sisi hukutana shule moja huko Rangwe. Kwa mwenye miguu ni raha tupu. Kwa Perez, darasa lilikuwa na kizingiti, bafu lilikuwa leso zilizofungwa kwenye miti juu ya tope, na choo kilikuwa na ngazi. Kwa hiyo alibebwa. Kwenda kulala alibebwa, kwenda kuoga alibebwa, na kwenda chooni alibebwa na wanaume ambao jioni angekaa nao meza moja kula ugali. Alivumilia miaka kadhaa, kisha akaacha kuja. Watu wa kanisa walisema amepoa kiroho. Niliwasikia kwa masikio yangu wakimwombea arudi kwenye imani, na hakuna aliyeomba choo kiondolewe ngazi.

Siku moja akaja yadini, mpwa wake anaendesha Haisi ya zamani iliyowahi kuwa matatu. Hakuteremka. Alinyoosha kichwa dirishani, akatusalimia, akasema neno lililomfanya Chacha aweke chini grainda yake ya kukatia chuma.

"Nataka gari ya kulala makambi. Nilale ndani, nioge ndani, nichemshe chai yangu. Nikitaka kutoka, nitoke. Nikitaka kurudi, nirudi. Na sitaki kuomba mtu."

"Ni hayo tu?" Chacha akauliza.

"Ni hayo tu. Unaona ni kidogo?"

Chukueni hili kwanza: msipime kiti, pimeni mtu akiwa kwenye kiti. Chacha alikuwa amechukua vipimo vya kiti kitupu, akaandika kwenye ukuta kwa chaki, akaridhika. Perez akamwambia, "Na mimi nitaingilia wapi?" Tukampima akiwa ameketi, viwiko vimetoka nje kama mtu anayesukuma magurudumu, maana hapo ndipo mkono unapokwaruzwa na fremu ya mlango. Kisha tulipofika kwenye urefu wa kichwa akatuzuia tena. Akatoa kwenye mkoba kitambaa chake cha Sabato, akafunga kilemba, kile kirefu kinachosimama. "Sasa pima," akasema. "Siendi makambi nikiwa nimeinamisha kichwa ndiyo nipite mlango." Chacha akaguna, akafuta chaki, akakata paa upya na kuliinua. Alilalamika wiki nzima kuhusu kilemba hicho.

Kitanda kilikuwa kazi yangu. Kimo cha godoro kiwe sawa na kimo cha kiti chenyewe, na hapa ndipo wengi wenu mnaharibu: mnapima sponji ikiwa mpya, haijakaliwa. Sponji ikilaliwa inashuka. Mto wa kiti nao ukikaliwa unashuka, lakini si sawasawa. Kaeni juu yake ninyi wenyewe, mwalikeni mtu mzito akae, halafu ndipo mpime. Mtu akijivuta kutoka kitini kwenda kitandani kwa nguvu za mikono, tofauti ndogo tu ya kimo ni mlima. Pembeni nilishona ukingo mgumu wa kushika, si wa urembo. Kwenye sakafu Chacha aliweka ndoano za kufungia kiti kwa mikanda, ili gari likiruka mashimo, kiti kisitembee chenyewe.

Rampu, ule ubao wa chuma wa kupandia kiti, ndiyo iliyotupa tabu. Ya kwanza Chacha aliifanya fupi ili ipendeze ikikunjwa. Perez alipanda hadi katikati, mikono ikashindwa, kiti kikaanza kurudi nyuma. Chacha alikirukia akakidaka. "Iko sawa, mama," akasema, akihema, "wakiwa wawili wa kukusukuma." Perez akashuka, akasubiri nyingine. Kesho yake Chacha alikuja na chuma kirefu mara mbili, kinachokunjika katikati kwa bawaba.

Lakini kosa kubwa hatukuliona sisi wote, na ni kosa la mafundi wa matatu peke yao. Gari lilikuwa limekwisha. Mapazia yangu yamening'inia, jiko dogo la gesi limefungwa, choo cha ndoo kimewekewa kiti na pazia lake. Perez akaingia mwenyewe, tukafunga mlango wa nyuma, tukapiga makofi. Tukangoja atoke. Hakutoka. Tukasikia anapapasa mlango kwa ndani, kisha sauti ikaja kupitia dirishani, taratibu.

"Chacha. Komeo liko wapi?"

"Liko hapa nje, mama. Hapa pa kawaida."

"Mimi niko ndani."

Hebu fikirini. Maisha yetu yote tumetengeneza milango ya matatu, na mlango wa matatu hufunguliwa na makanga, yule utingo. Mikono yetu ilikwisha kuzoea kwamba nje kuna mtu anayening'inia, anayepiga bodi, anayefungua na kufunga. Tulimwekea makanga mwanamke aliyekuja kutuambia hataki kuomba mtu. Chacha alilitoa komeo siku hiyohiyo, akaweka la kufungulia ndani, lenye mkono mrefu wa kufikiwa ukiwa umeketi, na kamba yenye kapi ya kushushia rampu polepole bila kuiachilia idondoke. Jioni Perez alishuka na kupanda, akashuka na kupanda, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, hadi mpwa wake akachoka kungoja.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo ndipo mambo yaliishia. Sikilizeni kilichotokea makambini.

Alikuja Rangwe siku ya kwanza, mpwa wake akaegesha gari mahali pazuri, kwenye nyasi tambarare karibu na hema kuu, mlango wa nyuma ukitazama uwanja. Mpwa akarudi Masara kufungua duka. Ufunguo wa gari akauacha kwa shemasi mkuu, kwa usalama, kwa sababu ndivyo magari yote yalivyofanywa. Shemasi mkuu alikuwa Okelo, mtu mwema kabisa. Nasema mwema na simaanishi mzaha. Angekupa shati lake. Lakini hangekuuliza kama unalitaka.

Wiki ile Perez aliishi. Sina neno lingine. Asubuhi ungeona rampu inashuka yenyewe, kisha yeye, kilemba juu, anaelekea kwenye mazoezi. Mchana alikaribisha watu chai. Mimi nilialikwa mara mbili na nikalalia kitanda changu mwenyewe kukagua sponji. Kwaya yetu ikapata sauti ya pili. Tulipangiwa kuimba Sabato asubuhi, kabla ya sadaka.

Sabato hiyo ilipofika, tulijipanga nyuma ya hema, Perez hayupo. Nikaenda kumwita. Gari halikuwa mahali pake. Pale palikuwa na gari la mhubiri mgeni, linang'aa kivulini. Nilitazama huku na huku nikaliona la Perez kwenye mpaka wa shule, limerudishwa nyuma hadi limezama kwenye ua wa michongoma. Mlango wa nyuma ulikuwa umekandamizwa na miiba. Mashemasi wanne walikuwa wamesimama kwenye mlango wa ubavuni, ule wa kuteleza, ambao kiti hakipiti. Mikono ya mashati walikuwa wameikunja.

Nikapanda ndani. Perez alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amevaa sare ya kwaya, uso umekaza.

"Nilikuwa navaa, gari ikaanza kutembea," akaniambia. "Nilidhani naibiwa. Nikapiga kelele. Okelo akasema kule mbele, 'Tulia dada, ni sisi.' Yawa! Wamenihamisha na mimi ndani kama gunia."

Nikatoka nje. Okelo akanipokea kwa tabasamu. "Sabato njema, Nyar Rangwe. Usiwe na wasiwasi. Tulitaka mgeni apate kivuli. Dada tutambeba hadi mbele, tumejitolea wanne."

"Sogeza gari mbele, atatoka mwenyewe."

Akashusha sauti kama mtu anayemweleza mtoto. "Mama, leo ni Sabato. Kuwasha gari na kuanza kulihamishahamisha, hiyo ni kazi."

Vijana, nimeishi na hasira nyingi, lakini ile ilipanda kutoka kwenye nyayo. Nilimuuliza kama asubuhi hiyo gari lilihama lenyewe. Nilimuuliza yeye alifikaje, maana pikapu yake ilikuwa pale na magurudumu yake yalikuwa bado na tope bichi. Nilimuuliza kama kumbeba mwanamke mzima, mwenye duka na wafanyakazi, kuvuka uwanja mbele ya umati, mguu mmoja umeshikwa na huyu na mwingine na yule, nguo zikipanda, hiyo si kazi. Sauti yangu ilifika hemani. Baadhi ya watu waligeuka.

"Tunafanya kwa upendo," Okelo akasema, na niliona ameumia kweli.

Ndipo Perez akafungua dirisha.

"Shemasi, asante kwa upendo. Sibebwi. Ufunguo ni wangu, naomba unipatie."

Okelo akatoa ufunguo mfukoni. Akauangalia. Akanipa mimi. Mwenye gari ameketi dirishani, amenyoosha mkono, naye akanipa mimi! Nikaupokea, nikaupitisha dirishani nikauweka kwenye kiganja cha Perez. Yeye akaushika kidogo, kisha akanirudishia, akasema, "Sasa nakuomba wewe. Nisogeze mbele." Magari ya wateja nimeyahamisha yadini miaka yote, nikashika usukani. Nikalitoa kwenye michongoma taratibu, miiba ikikwaruza rangi, nikalisimamisha kwenye nyasi, nikazima. Sikwenda nyuma kufungua. Nilikaa palepale nikasikia komeo likivutwa, kapi ikilia, rampu ikigusa ardhi.

Hemani walikuwa wamekwisha kutuita mara ya pili. Akina mama wa kwaya hawakupanda jukwaani. Walikuja uwanjani wote, wakatukuta njiani, na tukaingia pamoja kwa mwendo wa Perez, ambao kwenye nyasi ni wa polepole. Kiongozi wa ibada alikuwa ameshika saa. Hatukumwangalia. Tukaimba. Sitawaambia tuliimba vizuri, nilikuwa bado na hasira na sauti ya kwanza ilinitoroka mahali pawili. Lakini sauti ya pili ilikuwa imesimama.

Tukaketi mstari wa mbele, Perez mwishoni, pembeni mwa njia. Ikafika sadaka. Okelo mwenyewe ndiye aliyeshika mfuko upande wetu. Alianza kwa mama wa kwanza, akapitisha kwa wa pili, kwangu, kwa jirani yangu. Perez alikuwa amekwisha kufungua mkoba, bahasha iko mkononi. Okelo akafika kwake, akamtabasamia kwa huruma, akamgusa bega, na akaupitisha mfuko juu ya magoti yake kwenda mstari wa nyuma.

Alikuwa mwanamke mwenye duka. Wachimbaji wa Masara na Osiri wanashuka ardhini kwa kamba walizozinunua kwake. Zaka yake, nina hakika, ilizidi ya nusu ya watu waliokuwa chini ya hema lile. Na huyu mtu mwema, baada ya yote yale, hakumwona kuwa ni mtu wa kutoa.

Kinanda kilikuwa kinacheza polepole. Perez hakunitazama mimi, hakumtazama mhubiri. Aligeuza kiti chake kikaziba njia, akasema kwa sauti yake ya duka, ile ya kumwita mteja aliyesahau chenji.

"Shemasi. Umeniruka."

Kinanda kikanyamaza. Okelo alisimama na mfuko mikononi, mistari miwili nyuma, na watu wote wakamgeukia. Kisha akarudi, hatua kwa hatua, akapiga magoti kwenye nyasi ili mfuko ufike kimo chake, na Perez akachukua muda wake kuiweka bahasha ndani.